Gesi, Nyufa na Chumvi: Mwongozo Kamili wa Kulinda Maghorofa ya Zamani ya Tanga

Anayepanda kutoka bandarini Tanga kuingia katikati ya mji hupita chini ya maghorofa ambayo mengi yana umri mkubwa kuliko wakazi wake: duka chini, familia juu, roshani zinazotazama barabara, na tangi la maji lililopandishwa juu ya paa miaka mingi baada ya mjenzi kuondoka. Zamani majiko ya humo yalikuwa ya mkaa na mafuta ya taa. Leo ukigonga mlango wowote utakuta mtungi wa gesi, na mitungi itazidi, kwa kuwa mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unakusudia kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Mabadiliko hayo nayaunga mkono kwa moyo wote, maana moshi wa mkaa umewaumiza mama zetu vya kutosha. Hata hivyo mtungi umeingia katika nyumba ambayo haikuchorwa kwa ajili yake, na ambayo nondo zake zimeliwa na chumvi ya bahari kwa miongo kadhaa.

Mwongozo huu ni kwa kamati za wapangaji, wenye majengo na wasimamizi wao. Kwa desturi fundi wa gesi huja siku yake, na fundi wa ujenzi siku yake, na hawaulizani lolote. Kosa liko hapo, na ndilo ninalotaka tulirekebishe.

Kwa nini gesi na zege ni jambo moja

Tarehe 16 Mei 1968, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, mpangaji wa ghorofa ya 18 katika jengo la Ronan Point, mashariki mwa London, aliwasha kiberiti ili achemshe maji ya chai. Gesi ilikuwa imevuja usiku kupitia nati ya shaba iliyounganisha jiko na bomba, nati ambayo uchunguzi ulionyesha kuwa haikufikia kiwango. Mlipuko haukuwa mkubwa sana, na mpangaji mwenyewe alinusurika. Lakini ulisukuma nje kuta za mabamba ya zege zilizokuwa zimebeba sakafu za juu, na kwa kuwa kuta hizo hazikufungwa vizuri kwa sakafu, kona nzima ya jengo lenye ghorofa 22 iliporomoka kutoka juu hadi chini. Watu wanne walikufa na 17 walijeruhiwa. Jengo lilikuwa limeanza kukaliwa miezi miwili tu kabla.

Baada ya hapo Uingereza iliweka kipimo kwa majengo ya aina hiyo: lenye gesi ya bomba listahimili msukumo wa kilonyutoni 34 kwa kila mita ya mraba, yaani takriban uzito wa tani tatu na nusu, na lisilo na gesi listahimili nusu yake. Kipimo hicho kinaeleza kila kitu. Swali la kama jengo lina nguvu ya kutosha halijibiki mpaka ujue wakazi wake wanapikia nini. Mwaka 2017, karibu nusu karne baadaye, wahandisi waliochunguza minara minne ya Ledbury Estate, kusini mwa London, baada ya wapangaji kulalamikia nyufa, walikuta hakuna ushahidi kwamba iliwahi kuimarishwa, na gesi ikakatwa katika minara yote.

Majengo yetu hayakujengwa kwa mabamba ya zege kama yale, wala hatuna ghorofa 22. Kanuni inabaki ileile: mlipuko wa jikoni huondoa ukuta mmoja, na kinachoamua kama atakufa mtu mmoja au ngazi nzima ni kile kilichokuwa kimeegemea ukuta huo.

Hatua ya kwanza: Lijue jengo lako

Anza kwa kutafuta michoro. Baadhi ya maghorofa ya mjini yalitwaliwa chini ya Sheria ya Kutwaa Majengo ya mwaka 1971, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, kisha mwaka 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa, na karatasi nyingi hupotea katika kuhamahama kwa namna hiyo. Uliza kwa mmiliki, uliza Halmashauri ya Jiji, uliza pia familia za wakazi wa zamani, kwa sababu mzee aliyeishi humo tangu utotoni hukumbuka ukuta uliovunjwa na chumba kilichoongezwa kuliko faili lolote.

Michoro isipopatikana, tengenezeni mchoro wenu wa mkono wa kila ghorofa. Pima unene wa kuta milangoni. Ukuta mnene unaoonekana mahali palepale katika kila ghorofa, kuanzia dukani hadi chini ya paa, kwa kawaida ndio unaobeba jengo. Ukuta mwembamba unaoanza ghorofa ya pili bila kitu chini yake mara nyingi ni wa kugawa vyumba tu, ingawa miaka ikipita na slabu, yaani sakafu ya zege, ikalegea nao huanza kubeba bila kukusudiwa. Jengo lenye nguzo na boriti za zege hupitisha mzigo kwenye nguzo, ilhali nyumba kongwe za mawe ya matumbawe na chokaa hubebwa na kuta zake zote, na sakafu zake hukaa juu ya magogo ya mikoko au mbao zilizopenyezwa ukutani bila kufungwa kwa chochote. Hizi za mwisho zinahitaji uangalifu zaidi ya zote, kwa kuwa ukuta ukitoka, sakafu haina pa kushika.

Kisha simama katika kila jiko, ukiwa na mchoro mkononi, ujiulize: ukuta huu ukiondoka, ni nini juu yake kitabaki kimesimama? Jiko la kona, lenye kuta mbili za nje zinazobeba mzigo, liwekewe alama nyekundu. Huko ndiko kutakakoanza kila kazi inayofuata.

Hatua ya pili: Gesi ishughulikiwe kwanza

Zege huliwa kwa miaka, lakini gesi yaweza kuua kabla ya chakula cha mchana, na ulinzi wake ni rahisi. Kwa hiyo tunaanza nayo.

Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu hadi mara mbili, hivyo haipai juu bali hutambaa sakafuni kama maji, hushuka ngazi, hujaa kwenye mashimo ya maji machafu na kutuama katika kile kisima cha hewa kilicho katikati ya maghorofa mengi ya zamani. Huanza kuwaka inapofikia takriban asilimia 2 ya hewa ya chumba. Fanya hesabu: kilo moja ya gesi hutoa karibu nusu mita ya ujazo. Jiko la mita tatu kwa tatu, lenye dari ya mita tatu, lina mita za ujazo 27, na asilimia 2 yake ni nusu mita na kidogo. Maana yake ni kwamba kilo moja na ushei, kutoka mtungi mdogo wa kilo sita, inatosha kulifanya jiko zima liwe baruti. Kwa kuwa gesi hulala chini, kiasi kilicho kidogo kuliko hicho hutosha kwa tabaka la karibu na sakafu, ambako ndiko lilipo jiko la mkaa la jirani au jokofu linalojiwasha.

Pitieni nyumba kwa nyumba, mkiwa na ndoo ya maji ya sabuni na brashi. Pakeni povu kwenye vali ya mtungi, kwenye regulata, ncha zote mbili za mpira na mahali mpira unapoingia kwenye jiko lenyewe. Povu likifura, hapo panavuja. Kiberiti kisitumike kamwe kwa jaribio hili, hata kama fundi anasema amefanya hivyo miaka ishirini. Mpira wenye nyufa ndogo unapoukunja, ulioganda au uliopitisha tarehe iliyopigwa chapa juu yake, ubadilishwe siku hiyohiyo. Mpira usiofungwa kwa klipu za chuma bali kwa waya au kitambaa, uhesabiwe kuwa umeharibika. Mpira usipitishwe ukutani wala chini ya zulia, kwa sababu panya na kuchakaa hufanya kazi yake mahali jicho lisipofika. Kama mtungi unakaa roshani na jiko liko ndani, kazi hiyo ni ya bomba la shaba lililowekwa na fundi anayeijua, likiwa na vali ya kufungia pande zote mbili.

Hewa ya Tanga inastahili neno lake hapa. Chumvi inayokula mabati ya paa hula pia pete ya chini ya mtungi na springi ya regulata. Ukipokea mtungi dukani, uinamishe uone kitako chake, na ukikuta kutu inayobanduka kwa magamba, urudishe bila kuona haya. Pima uzito wake kwenye mizani ya muuzaji na uhakikishe lakiri haijaguswa. Mtungi ukae wima siku zote, kwa sababu ukilazwa, kinachotoka kwenye regulata ni gesi ya maji, na lita moja ya gesi hiyo hugeuka kuwa lita 250 hivi za gesi ya hewa.

Mtungi ukae wapi? Jibu zuri ni roshani iliyo wazi hadi chini, yaani yenye nondo badala ya ukuta mzima, ili gesi inayovuja ipate njia ya kutoka. Roshani iliyozibwa kwa ukuta hadi kiunoni ni beseni. Kwa jiko la ndani, toboeni tundu la hewa karibu na sakafu, linalotoka nje na si kwenye ngazi. Kengele ya kugundua gesi, kwa anayeweza kuinunua, ifungwe sentimita 30 hivi kutoka sakafuni. Nimeona nyingi zimefungwa karibu na dari, mahali panapofaa gesi asilia ya bomba, ambayo ni nyepesi kuliko hewa. Kwa gesi yetu ya mtungi, kengele ya darini italia wakati hakuna tena wa kuisikia.

Jambo lililobaki ni gumu kusemwa kwa kuwa linagusa riziki za watu. Mgahawa wa chini wenye mitungi ya kilo 38 na duka la gesi lililopangishwa chini ya vyumba vya kulala ni hatari kuliko majiko yote ya juu yakijumlishwa. Mlipuko wa ghorofa ya juu unaweza kuondoa ukuta wenye mzigo mdogo, ilhali wa chini unaondoa ukuta unaobeba jengo zima. Mitungi ya mgahawa ihamie nje, kwenye kibanda chenye wavu na kufuli, mbali na mlango wa ngazi na mashimo ya maji machafu. Akiba ya duka la gesi isilale chini ya watu waliolala. Zungumzeni na mfanyabiashara kwa heshima, mpeni muda, lakini msiliache.

Kila mkazi, watoto na wasaidizi wa nyumbani wakiwemo, afundishwe la kufanya akinusa gesi. Asiwashe taa wala asizime, maana swichi hutoa cheche kwa vyovyote vile. Asipige simu akiwa ndani. Afunge vali ya mtungi, afungue milango na madirisha, atoke na wenzake wakigonga milango kwa mkono na si kwa kengele ya umeme, kisha apige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, akiwa barabarani. Moto ukiwa umeshika kwenye mpira, afunge vali kwa mkono uliofunikwa kitambaa kilicholowa iwapo vali inafikika. Isipofikika, asihangaike kuuzima: moto uliozimwa huku gesi ikiendelea kutoka huacha chumba kikijaa hadi kipate cheche nyingine. Watu watoke wote, kwa sababu mtungi unaochomwa na moto unaweza kupasuka.

Hatua ya tatu: Kusoma nyufa

Mara mbili kwa mwaka, mwisho wa masika na mwisho wa vuli, watu wawili watembee jengo zima kuanzia paa hadi msingi, wakiwa na tochi, rula, penseli, nyundo ndogo na simu ya kupigia picha. Waanze upande unaopigwa na upepo wa kusi kutoka baharini, kwa kuwa ndio unaoumia kwanza.

Ufa unaofuata urefu wa nguzo au boriti, hasa wenye michirizi ya rangi ya kahawia, una maana moja kubwa: nondo ndani imeshika kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili hadi mara sita, hivyo husukuma zege kutoka ndani mpaka libanduke. Chumvi yaweza kuwa ilitoka hewani, lakini pia yaweza kuwa ilichanganywa humo tangu siku ya kwanza, kama mjenzi alitumia mchanga wa ufukweni au maji ya kisima chenye chumvi. Gonga kwa nyundo. Zege zima hulia kwa sauti kali na fupi, na lililoachana na nondo hulia kama debe tupu. Zungushia alama ya penseli kila mahali panapolia hivyo, uandike tarehe.

Ufa wa mshazari unaoanzia pembe ya dirisha na kupanda ngazi kwa ngazi kwenye maungio ya matofali huashiria kwamba msingi umetitia upande mmoja, mara nyingi kwa bomba la maji lililopasuka ardhini au shimo la choo lililojaa. Nyufa nyembamba za lipu zilizosambaa kama utando wa buibui, kwa kawaida si kitu. Zaidi ya upana, angalia kama ufa unatembea: gundisha kipande chembamba cha kioo juu yake kwa jasi pande zote mbili. Kioo kikipasuka baada ya wiki chache, jengo linasogea. Ufa unaoingiza sarafu, ule unaoonekana pande zote mbili za ukuta, na ufa wowote wa kulala kwenye nguzo, usisubiri zamu ya kukagua tena.

Chini ya vyoo, chini ya roshani na chini ya matangi ndiko penye siri. Jengo la Champlain Towers South huko Surfside, Florida, lilikuwa na ghorofa 12, lilijengwa mwaka 1981 kando ya bahari. Mwaka 2018 mhandisi aliandika kwamba tabaka la kuzuia maji kwenye sitaha ya bwawa la kuogelea limeshindwa na slabu iliyo chini yake imeharibika sana. Gharama ya matengenezo ilikadiriwa kuwa mamilioni ya dola, wamiliki wakavutana. Usiku wa tarehe 24 Juni 2021 sehemu kubwa ya jengo ilianguka, watu 98 wakafa. Ripoti ilikuwapo, na ilikuwa sahihi kuhusu maji na slabu. Sisi tunaoishi pwani tuisome habari hiyo kama yetu.

Hatua ya nne: Mizigo iliyoongezwa na kuta zilizotolewa

Tangi la lita 5,000 likijaa lina tani tano. Likikaa kwenye eneo la mita za mraba mbili na nusu, kila mita hubeba tani mbili, ilhali sakafu ya nyumba ya kuishi kwa desturi hukadiriwa kubeba takriban kilo 150 za watu na vyombo kwa mita. Tangi kubwa ligawanywe kuwa madogo, yawekwe juu ya kuta au boriti zinazobeba, si katikati ya slabu, na maji yanayofurika yapewe bomba lake. Marundo ya saruji, marumaru na mizigo ya duka juu ya sakafu ya mbao yaondolewe.

Kuhusu kuvunja ukuta ili kupanua duka, au kuchimba chini ya nguzo, hakuna mjadala: bila hesabu za mhandisi na kibali cha ujenzi cha Halmashauri, kazi isimamishwe siku hiyohiyo, na mtendaji wa mtaa aarifiwe kwa maandishi. Tulioona picha za Kariakoo mwezi Novemba 2024, wafanyabiashara wakichimbuliwa chini ya ghorofa lililoanguka mchana wa kazi, hatuna sababu ya kuona aibu kwa kumzuia jirani.

Hatua ya tano: Kumwita mhandisi na kumuuliza vizuri

Mhandisi awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na namba yake ihakikiwe. Mpeni mchoro wenu, picha zenye tarehe na orodha ya mitungi, kwa kuwa mkimpa ushahidi huo hatatumia siku mbili za malipo yenu kutafuta nyufa mlizokwisha kuziona. Mwombeni vipimo, si maoni ya macho peke yake: kupima unene wa zege linalofunika nondo, kupima kiasi cha chumvi ndani ya zege, na kupulizia kemikali iitwayo fenolftalini kwenye zege lililobanduliwa upya, ambapo sehemu yenye afya hugeuka waridi na sehemu isiyoweza tena kuilinda nondo hubaki bila rangi. Nyundo ya Schmidt, kifaa cha kugonga uso wa zege, hupima ugumu wa juu tu, hivyo kwa nguzo yenye mashaka akate vipande vya silinda vikapimwe maabara.

Kisha muulizeni lile swali la majiko ya kona, na ajibu kwa maandishi: ukuta huu ukisukumwa nje kwa mlipuko, je, sakafu ya juu itabaki? Akijibu kwamba haitabaki, kuna njia mbili za haki. Ya kwanza ni kufunga sakafu kwa kuta kwa vyuma vya pembe na bolti, kama ilivyofanyika Uingereza baada ya 1968. Ya pili ni kuondoa gesi kabisa katika majiko hayo na kuhamia umeme. Kwa nyumba za mawe na chokaa, binafsi ningechagua ya pili, kwa sababu matumbawe ya kale hayashiki bolti vizuri. Mwenye jengo achangie gharama za kuhama, maana mpangaji hakuchagua udhaifu wa ukuta.

Hatua ya sita: Matengenezo yasiyoficha ugonjwa

Kupaka lipu juu ya nondo yenye kutu ni kuificha tu. Kazi sahihi ni kuweka nguzo za muda, kutoa zege lote lililokufa mpaka nyuma ya nondo, kusugua chuma hadi king'ae, kuongeza nondo mpya pale ambapo ya zamani imepungua unene kwa kiasi kinachotajwa na mhandisi, ndipo kujaza. Nguzo mbili zinazopakana zisifunguliwe kwa wakati mmoja. Wakati kazi inaendelea, majiko ya upande huo yasitumie gesi. Kuta za chokaa zitengenezwe kwa chokaa, kwa sababu saruji hufungia unyevu ndani na kuozesha vichwa vya magogo.

Hatua ya saba: Daftari, na siku ya kutoka

Daftari moja la jengo litunzwe na katibu, na nakala yake ikae kwa mtu mwingine. Ndani yake ziandikwe tarehe za kukagua mipira, nyufa na vipimo vyake, barua kwa mmiliki na majibu yake. Florida, baada ya Surfside, iliagiza majengo ya ghorofa tatu na zaidi ya umiliki wa pamoja yakaguliwe yakifikisha miaka 30, na yaliyo karibu na bahari yanaweza kutakiwa mapema kwa miaka 25, kisha kila baada ya miaka 10. Mengi ya maghorofa yetu yameshavuka umri huo, basi ukaguzi wa kwanza unadaiwa tayari.

Ngazi ni moja tu katika majengo mengi ya zamani, hivyo isiwekwe baiskeli, magunia ya mkaa wala mitungi ya akiba. Fanyeni zoezi la kutoka, mkimhesabu kila mzee na mgonjwa pamoja na jina la anayembeba.

Zipo dalili ambazo kamati haiitishi mkutano kwa ajili yake. Mlango uliokuwa ukifunguka jana na leo umekwama, vumbi au vipande vya zege vinavyodondoka mfululizo, kioo cha ufa kilichopasuka usiku mmoja, mlio wa kupasuka kutoka kwenye nguzo, sakafu iliyolala upande: ukiona mojawapo, zima umeme kwenye swichi kuu kama hakuna harufu ya gesi, fungeni mitungi mnapopita, shukeni wote, simameni mbali kwa umbali usiopungua urefu wa jengo, pigeni 114, wala mtu asirudi juu kuchukua chochote mpaka mhandisi aruhusu kwa maandishi.